Mwingereza, Mmarekani na Chuma cha Kibaigwa

Nimestaafu mwaka huu, na vijana wa ofisi ya upimaji wameniomba niwaandikie jinsi kazi ilivyokuwa. Nadhani walitaka niandike jinsi nilivyopanda vyeo. Hilo halitachukua nafasi. Nitaandika juu ya mashine za kutafutia chuma, maana ndizo zilizonipa raha, ugomvi na marafiki, na maana kila nikipita dirishani kwenu nawasikia mkibishana simu ipi ni bora. Ubishi huo naujua. Sisi tulikuwa nao kabla yenu, ila wetu ulikuwa na betri nzito zaidi.

Niliingia kazini Dodoma kama msaidizi wa mpima ardhi, enzi ambazo ukienda dukani unakuta rafu na muuza duka, basi. Kwetu ni watu wa mjini, wa biashara tangu enzi za misafara, na baba alitegemea niuze kanga. Siku ya kwanza nilipewa fito ndefu ya kupimia, nyekundu kwa nyeupe, nikaambiwa nisimame nayo juu ya kichuguu mpaka niitwe. Nikasimama. Bwana mpima akamaliza alichokuwa anakiangalia kwenye darubini yake, akaenda kunywa chai. Aliponikuta bado nimesimama alishtuka kuliko mimi. Tangu siku hiyo, kila niliposimamishwa mahali, niliuliza kwanza nitashushwa na nani.

Aliyenishusha ni Mzee Yohana Chilongani, mtunza vifaa. Alikuwa Mgogo wa upande wa Mpwapwa, mrefu, mpole, mzee wa kanisa, na alivaa kofia ileile masika na kiangazi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Shuka, mchwa watakuzoea."

Kazi yake hasa ilikuwa kutafuta bikoni zilizopotea. Bikoni, kwa asiyeijua, ni nguzo fupi ya zege inayowekwa kwenye kona ya kiwanja. Chini yake huchimbiwa kwanza kipande cha nondo. Zege watu huling'oa, hulifanya jiwe la kukalia, au hulisogeza kwa sababu wanazozijua wenyewe. Nondo hubaki ardhini, kwa kuwa wengi hawajui kama ipo. Ukiipata nondo, umeupata mpaka.

Mashine ya kuitafutia ilikuwa moja tu ofisini, imetoka Uingereza, nasi tuliiita Mwingereza. Ilikuwa na mpini mrefu, sahani nzito chini, kisanduku cha betri ubavuni, na hedifoni za kijeshi zilizobana masikio mpaka ukasikia mapigo ya moyo wako na kuyadhania chuma. Ilinguruma muda wote. Ikipita juu ya chuma, mngurumo ulibadilika. Jua likiwa kali mngurumo ulibadilika pia, bila chuma, na ilibidi uirekebishe upya kwa kukizungusha kifundo pole pole kama unayetafuta stesheni ya redio.

"Usiisikilize inapoongea," Mzee Yohana aliniambia. "Yenyewe inaongea siku nzima. Isikilize inapobadilisha sauti."

Ilinichukua miezi kadhaa kuzitofautisha hizo sauti. Kabla ya hapo nilichimbua makopo ya samaki kwa idadi ambayo ofisi ingeweza kufungua duka.

Ikatokea nikaipenda. Mzee Yohana naye aliipenda, na alikuwa na ruhusa ya kwenda nayo nyumbani mwisho wa wiki, ili isiibiwe ofisini. Basi Jumapili, yeye akitoka kanisani, tulikutana Miyuji, ambako siku zile kulikuwa na mashamba na korongo kuliko nyumba, tukawa tunapita taratibu mvua ilipokwisha kukwangua udongo. Tulipata misumari ya reli, majembe yaliyokwisha, bangili za shaba, senti zenye tundu katikati, na siku moja sarafu ya Mjerumani iliyotufanya tuketi chini. Mume wangu, fundi cherehani, aliniuliza mara moja tu tunatafuta nini. Nikamwambia hatujui. Akaridhika, maana jibu lingine lolote lingemtia wasiwasi.

Halafu milango ya biashara ikafunguliwa. Mlio wadogo hamuwezi kujua ilivyokuwa: mwaka mmoja unatafuta sabuni kwa kujuana, mwaka unaofuata unachagua rangi ya sabuni. Ofisi nazo zikaambiwa zijipunguze. Vifaa vya zamani vikapigwa mnada, Mwingereza akiwemo, na Mzee Yohana akamnunua. Kuanzia hapo ofisi ikawa haina mashine, na kila ilipotakiwa kutafutwa bikoni iliiazima kwa mtunza vifaa wake. Jambo hili halikumshangaza mtu.

Kipindi hicho akaongezeka mwenzetu wa tatu, Bwana Kitundu, karani wa reli. Huyu alikuwa mtu wa kubadilisha. Kila aliposikia mashine mpya imefika kwa fulani, aliuza aliyonayo akaichukua hiyo. Alikuwa na ya Kijerumani, akawa na ya Australia, akawa na moja isiyo na maandishi yoyote ambayo ilipiga kelele ikipitishwa karibu na miwani yake. Hakuwa na muda wa kuzizoea. Jumapili nzima ilipita akisoma kijitabu cha maelekezo chini ya mwavuli, halafu anatuambia hii ya sasa ndiyo yenyewe. Sijawahi kumwona akichimba kitu zaidi ya mara chache, lakini sijamwona mtu mwenye furaha kumzidi.

"Bwana Kitundu," Mzee Yohana alimwambia siku moja, "wewe unaoa na kuacha."

"Na wewe mzee umeoa mjane wa mnada."

Walicheka wote wawili, ila Mzee Yohana aliacha kucheka kwanza.

Mimi nilikuwa upande wa mzee. Nilisema hadharani, na kwa sauti, kwamba hakuna kama Mwingereza. Mtu akinionyesha mashine yenye mshale unaocheza kwenye kioo, nilimwambia chuma hakionekani kwa macho, kinasikika. Hayo yalikuwa maneno ya Mzee Yohana, nikiyasema kama yangu. Tulikuwa kama mashabiki wa mpira: si kwamba timu ilishinda, ila tulishaizoea jezi.

Kilichonihamisha ni safari ya Kibakwe. Tulikwenda huko kwa shemeji yake Mzee Yohana, milimani, kwenye udongo mwekundu wenye mawe meusi. Mwingereza alifika pale akaanza kupiga kelele tangu hatua ya kwanza, hakunyamaza. Udongo wenyewe una chuma ndani yake. Mzee alizungusha kifundo asubuhi yote, jasho linamtoka chini ya kofia, akisema betri zimechoka. Bwana Kitundu alikuwa na mashine ya Kimarekani aliyokuwa ameiazima kwa majaribio. Ilikuwa na kifundo cha kuizoesha ardhi: unaishusha na kuipandisha mara kadhaa juu ya udongo mtupu mpaka inyamaze, halafu inakuambia kile tu ambacho si udongo. Nikaijaribu. Kwenye udongo uleule uliomshinda Mwingereza, nilisikia kimya. Na ndani ya kimya hicho, sauti moja safi. Ilikuwa ni kijiko. Lakini nilirudi nyumbani nikikiwaza kile kimya.

Mjomba wangu Hamadi alikuwa akienda Dubai kuleta redio na saa. Nikamwagiza. Bei siitaji humu. Mume wangu bado yuko hai na anajua kusoma.

Mmarekani alipofika sikumwonyesha Mzee Yohana kwa muda. Nilikwenda Miyuji peke yangu siku za katikati ya wiki, baada ya kazi, kama mtu anayefanya jambo la aibu. Mwishowe Jumapili moja nikaenda nayo. Aliitazama: nyepesi, mpini unaokunjwa, kioo kidogo, kifundo cha kuchagua, ambacho ukikizungusha upande mmoja inasikia kila kitu, na ukikizungusha upande wa pili inapuuza chuma na kusikia shaba na fedha tu.

"Inapuuza chuma?" aliuliza.

"Ukitaka, mzee."

"Mashine ya kutafuta chuma, inapuuza chuma." Akairudisha mikononi mwangu. "Imependeza."

Mzee Yohana akisema kitu kimependeza alikuwa amemaliza mazungumzo. Hakununa. Alinisalimia vilevile, alinigawia mihogo yake vilevile. Ila tulipotembea, yeye alishika upande wake wa korongo na mimi wangu, na hatukuitana tena kusikilizishana sauti. Hilo ndilo lililoniuma.

Sasa nifike Kibaigwa.

Biashara ya mahindi ilipoachiwa, Kibaigwa ilivimba. Malori yalijipanga pande zote mbili za barabara ya Dar es Salaam, madalali wakapiga kelele kuliko wenye mahindi, na kiwanja ambacho mtu alikuwa anafungia mbuzi kikawa na thamani ya kugombewa. Shauri lililotufikia lilikuwa la majirani wawili. Mmoja ni Mama Lea, mjane, aliyekuwa na banda la bati na meza ndefu ambapo wapakiaji wa magunia walikula ugali. Wa pili ni Sekwao, dalali, aliyetaka kujenga ghala. Sekwao alisema mpaka unapita katikati ya jiko la Mama Lea. Mama Lea alisema mpaka uko kwenye kisiki cha mgunga, hatua kadhaa ndani ya kiwanja cha Sekwao. Bikoni ya zege haikuwepo. Kila mmoja alisema imeng'olewa na mwenzake.

Tulikwenda watatu: bwana mpima wa wakati huo, ambaye alikuwa kijana makini anayeijua kazi yake, Mzee Yohana na mimi. Bwana mpima alifunga vyombo vyake, akapiga hesabu, akapaka chokaa duara pana chini. Duara hilo liligusa jiko upande mmoja na likafika karibu na kisiki upande wa pili.

"Siwezi kulipunguza zaidi ya hapa," aliwaambia watu bila kuficha. "Alama nilizopaswa kuanzia zimefukiwa na kifusi wakati wa kutengeneza barabara. Humo ndani ya duara kuna nondo. Ikipatikana, imeamua."

Mzee Yohana akasema, "Niliichimbia mimi. Miaka hiyo hapa pori. Ilikuwa hapo, kwenye mgunga."

Watu wakaguna kwa kuridhika. Karibu wote walikuwa wanakula kwa Mama Lea.

Sekwao akanyoosha mkono. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa dalali. "Mwenyekiti, kwa heshima ya mzee huyu. Huyu mama anamwita baba mdogo. Ni ukoo mmoja. Akikiona chuma, mimi nitajuaje kama hakukiona tangu nyumbani?"

Mwenyekiti wa kijiji akatutazama. Ilikuwa kweli, na Mzee Yohana mwenyewe alikuwa amemwambia bwana mpima njiani. Ofisini hapakuwa na mtu mwingine wa kumleta. Ikaamuliwa tupite wote wawili, kila mtu na mashine yake, na sote tukubaliane kabla ya sururu kushuka.

Ardhi ya soko ni adui wa mashine. Pale chini palikuwa na vifuniko vya soda, sindano za kushonea magunia, vipande vya waya, misumari ya mabodi ya malori. Nikikizungusha kifundo changu ipuuze chuma, nisingeisikia nondo. Nikikizungusha isikie vyote, ilinipigia kelele kama soko lenyewe. Tukaomba reki na mafagio. Kina mama wa pale wakasaidia, tukalikwangua duara lote, tukajaza takataka karai baada ya karai. Mama Lea alifagia kwa nguvu kuliko wote. Alikuwa na hakika.

Mzee Yohana akaanza. Jua lilikuwa limeshapanda. Alipita polepole na Mwingereza wake, sahani ikikaribia kugusa udongo, kichwa kimeinama. Alipofika kwenye kisiki alisimama. Akapita tena. Akarudi, akapita kwa upande mwingine. Nilimjua, nilijua amesikia kitu. Watu nao walijua, wakaanza kusogea. Mtu akachukua sururu.

Mzee akasimama pale kwa muda, mkono juu ya hedifoni. Halafu akazivua, akakibonyeza kitufe, Mwingereza akanyamaza.

"Pita wewe, Mwanaidi," akasema.

Nikaizoesha ardhi mashine yangu, nikaanzia hapohapo kwenye kisiki. Nilipata sauti fupi, iliyokatika-katika, ya juujuu. Kipande cha waya au kifuniko kilichotuponyoka. Nikaendelea. Upande wa barabara, hakuna. Katikati, hakuna. Nikaingia chini ya bati la Mama Lea, nikapitisha sahani kando ya mafiga, na hapo ikaja: nzito, ndefu, ya mbali, haikatiki. Nikageuka nikapita kutoka upande wa pili. Ileile. Ilikuwa chini sana, chini ya kifusi chote, mahali ambapo sahani ya Mwingereza isingefika.

Nitawaambia nilichokifikiria. Nilifikiri kwamba hedifoni ninazo mimi peke yangu.

Mama Lea alikuwa amesimama na ufagio. Aliniuliza, "Vipi, dada?"

Nilimtazama Mzee Yohana, naye alikuwa akinitazama mimi, si mashine. Nikavua hedifoni nikampa. Ilikuwa mara ya kwanza kwake kuvaa za Mmarekani. Nilipitisha sahani, yeye akasikiliza. Nikapitisha tena. Akafumba macho kidogo, akazivua, akazikunja vizuri waya usijifunge.

"Chimbeni hapa," akasema.

Walichimba wapakiaji wa magunia, kwa uvivu, kama watu wanaochimba wasilolitaka. Kifusi kilipokwisha ukaja udongo wa zamani, halafu zege lililovunjika, halafu nondo. Mzee Yohana akapiga goti, akaifuta kwa kofia yake. Ncha ilikuwa imekunjwa kwa nyundo kama ndoana, nzito upande mmoja.

"Mkono wangu huu," akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. "Mimi ndimi niliyeikunja. Migunga ilikuwa mingi, nimeukumbuka mwingine. Mpaka uko hapa. Mimi nilikosea."

Sekwao alikuwa amejiandaa kushangilia, nikamwona akitafuta pa kuiweka ile furaha na asipate. Mwishowe alimwambia Mama Lea asiharakishe kuhama. Mama Lea akachukua maji, akamwagia moto wa jikoni, akaingia ndani.

Siku hiyo hatukula Kibaigwa.

Njiani kurudi, nyuma ya gari, Mzee Yohana alimpakata Mwingereza mpaka tulipokaribia mjini. Halafu akauliza, "Ile sauti, ingekuwa kijiko ingekuwaje?" Nikamweleza: fupi zaidi, nyembamba. Akauliza na msumari wa reli. Nikamweleza. Tulizungumza sauti mpaka ofisini, na Jumapili iliyofuata, korongoni Miyuji, aliniita nikasikilize kitu kwenye Mwingereza wake, nami nikamwita kwangu. Hakubadilisha mashine. Nilimwambia mjomba Hamadi anasafiri tena, akasema betri za Mwingereza bado nzima.

Mimi nimebadilisha. Mmarekani yule alikufa kwa maji ya korongo, nikanunua mwingine wa jina lilelile kwa mapenzi, akanisumbua, nikahamia kwa Mjapani ambaye Bwana Kitundu alikuwa ameshamwacha. Nimestaafu naye. Mkiniuliza ipi bora, nitawauliza mnaitafutia wapi, na mnatafuta nini, na mtachoka kunisikiliza kabla sijamaliza.

Lakini siku tuliyokwenda kuhamisha jiko la Mama Lea lazima niiandike. Mzee Yohana ndiye aliyetuomba. Ilikuwa Jumapili, baada ya ibada. Nilikwenda na mume wangu, na Bwana Kitundu akaja na mashine ambayo hakuna aliyemwomba aje nayo. Tuling'oa bati, tukasimika nguzo upya upande wake, tukabeba mafiga. Sekwao alileta misumari, akatoa na vijana wawili wa kubeba, halafu akakaa benchi la mwisho kusubiri chakula, kama alivyokuwa akifanya kila siku. Mama Lea alimpakulia. Alimpakulia wa mwisho, ila alimpakulia.

Ilibaki ile meza ndefu. Mama Lea akaishika upande mmoja, akasimama.

"Baba mdogo," akasema, "siku ile pale kwenye kisiki. Mashine yako ilisikia?"

Mzee Yohana akavua kofia. "Ilisikia."

"Na hukusema?"

"Ningesema, wangechimba. Kwenye kifusi kile hakikosekani kipande cha chuma. Ningekiita nondo, mwenyekiti angenikubali, na wote hawa wangefurahi." Akairudisha kofia kichwani. "Na mimi nilikuwa nataka sana iwe pale. Ndiyo maana niliizima."

Mama Lea alimtazama. Nilidhani atalia, au atamwambia aondoke na asirudi tena. Wapakiaji waliacha kutafuna.

"Shika upande ule, baba mdogo," akasema. "Huu mzito."

Akaushika, wakaibeba pamoja mpaka ng'ambo ya mpaka.